Mkwe Redioni

Enzi hizo redio haikuwa kitu cha kuwashwa huku unasonga ugali. Ukiwatoa mapadre na wenye maduka makubwa, redio waliyoitegemea watu wa kawaida pale Ifakara ilikuwa ya Eustaki, mwenye mgahawa, nayo ilikula betri kavu nzito kama tofali. Eustaki aliihurumia kuliko mkewe. Aliifunua kitambaa Jumapili jioni tu, kwa sababu Jumapili kulikuwa na mazungumzo: mtangazaji wa Dar es Salaam anamkalisha mtu mmoja, anamwacha aseme mpaka maneno yamwishie. Hakuna aliyeharakishwa. Watu walitoka Lipangalala, wakakanyaga matope, ili kumsikia fundi saa au mpishi wa meli, mtu wasiyemjua wala kumhitaji, kisha wakabishana juu yake wiki nzima kana kwamba ni shemeji yao. Raha ile ilikuwa na utamu wake, na asiyeionja asibishe.

Jumapili moja, mwaka wa hamsini na saba, aliyekalishwa alikuwa Valeriani, mkwe wa Domitila.

Habari hiyo aliileta Fridolin, dereva wa lori la mpunga, pamoja na nyingine iliyomnyima Domitila usingizi. Valeriani alikuwa kibarua bandarini, ameoa tena, na sasa alimtaka mwanawe. Aurelia alikuwa na miaka saba. Mama yake, Konsolata, binti wa Domitila, alifariki siku ya kumzaa, na tangu hapo mtoto hakujua mgongo mwingine ila wa bibi yake. Fridolin alikuwa anarudi Dar es Salaam Jumatatu, na alitaka jibu: anaondoka na mtoto au haondoki naye?

"Baba ana haki yake," alisema Balbina, jirani. "Lakini ukikataa, wazee watasimama nawe. Wewe sema tu."

Domitila alikusudia kukataa. Si kwa ubaya. Angempaje mtoto mtu asiyemjua? Maana mkwe hajulikani. Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mwenzake apite. Muda wote Valeriani alipokuwa mume wa Konsolata, alimsalimia kutoka nyuma ya ukuta, "Shikamoo mama," naye akamjibu, "Marahaba, mkwe," basi, yamekwisha. Alichokijua Domitila ni kikohozi chake na namna anavyotembea akienda zake. Na siku ya mazishi, wanawake walimnong'oneza kwamba mkwewe hakutoa chozi hata moja. Hilo halikumtoka moyoni.

Jumapili ikafika, wakaenda. Mgahawa ulijaa. Domitila aliketi mkekani, Aurelia mapajani. Redio ikakwaruza, mtangazaji akakaribisha wasikilizaji, kisha sauti ya mtu mwingine ikasema, "Shikamooni wakubwa wote mnaonisikia."

Domitila akainuka. Akavuta khanga mpaka usoni, akamwachia Balbina mtoto, akaelekea mlangoni.

"We Domitila, unakwenda wapi?" Balbina akashangaa. "Ndiyo kwanza anaanza!"

"Anayezungumza ni nani?"

"Si mkweo!"

"Sasa nikae na mkwe chumba kimoja?"

Watu wakaangua kicheko. "Yuko Dar es Salaam, mama!" mmoja akapaza sauti. Domitila alizunguka nyuma ya nyumba, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa udongo. Eustaki, ambaye hakuruhusu mtu aiguse redio yake hata kwa kidole, aliibeba mwenyewe akaiweka kwenye dirisha la upande ule, uso wake ukitazama nje. Kicheko kikafa.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Valeriani alizungumza kama mtu aliyevaa koti la kuazima. "Bonde letu lina rutuba. Watu wake ni wachapakazi." Domitila akaguna. Maneno hayo hata karani wa Boma huyasema. Mtangazaji angemshukuru hapo hapo na kupiga muziki, Fridolin angepata jibu lake jioni ile ile. Lakini mtangazaji hakuwa na haraka. Aliuliza Mofu, kijijini kwao, kuna nini, akangoja. Valeriani akaanza na mtumbwi wa baba yake, akaingia kwenye mafuriko, akafika kwa kiboko aliyehamia shambani kwao, wakavuna mpunga kwa kumzunguka kama mgeni aliyelala. Kwenye hadithi ya kiboko lile koti likamvuka. Alicheka kabla ya kufika mwisho, akachanganya Kindamba, lugha ya kwao, akasahau kabisa kwamba anasikilizwa.

"Na mama watoto naye ni wa huko?" mtangazaji akauliza.

"Wa kwanza alikuwa wa huko. Konsolata. Alifariki. Ndugu yangu, yule mwanamke alikuwa anaimba vibaya! Sijapata kusikia. Kanisani walimwomba aimbe kimoyomoyo, akazidisha sauti. Akitwanga anaimba, kuku wanakimbia. Nilikuwa namwambia, mke wangu, Mungu amekwisha kukusikia, pumzika. Sasa mimi hapa bandarini nikibeba mizigo naimba nyimbo zake, na ninazikosea vilevile alivyozikosea yeye. Nikiziimba sawasawa, haji."

"Na mke wa sasa hasemi kitu?"

"Brigita? Amekwisha kujifunza. Naye siku hizi anazikosea vizuri tu."

Nyuma ya ukuta Domitila alijiziba mdomo kwa khanga. Kicheko kilimtoka, na machozi yakafuata. Kweli tupu! Konsolata hakujua kuimba, masikini. Alimbembeleza mtoto wa jirani, mtoto aliyelala akaamka. Lakini miaka saba kila aliyekuja kutoa pole alimsifu marehemu: mpole, mtaratibu, sauti ya malaika. Domitila aliitikia asante, na kila sifa ilimfuta mwanawe kidogo. Alidhani amebaki peke yake anayemkumbuka Konsolata mwenyewe, yule mbishi, mwenye makelele. Kumbe walikuwa wawili. Akampenda mkwewe pale pale, mtu ambaye hajapata kumtazama usoni.

Mazungumzo yalipokwisha muziki ukaanza, na Eustaki akanyoosha mkono kuokoa betri yake.

"Usizime," Domitila akasema kutoka nje. "Aurelia! Njoo huku."

Mtoto akaja. Mama mkwe mwenye neno kwa mkwewe humtuma mtu, ndiyo adabu.

"Mwambie baba yako, bibi amemsikia. Mwambie kesho utapanda lori na Fridolin."

"Domitila, hasikii yule," Balbina akasema taratibu, amesimama kwenye kona ya nyumba.

"Najua hasikii. Mwambie, mjukuu wangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Aurelia alisogea dirishani, akapiga goti kidogo, akayasema yote kama alivyotumwa, neno kwa neno. Kisha akangoja. Muziki ukaendelea.

"Bibi, nimemwambia. Hajibu."

"Utamkuta huko," Domitila akasema. "Akujibu mwenyewe."