Lebo ya Pili

Wanafunzi walimwita Mama Uyoga, naye alishazoea. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunzaji wa chumba cha uyoga mkavu na ukoga wa mawe pale chuo kikuu: makabati ya chuma ukuta hadi ukuta, na ndani yake maelfu ya bahasha, kila moja na lebo yake. Mwezi ule vidudu viliingia. Vilitafuna uyoga ukawa unga, ikabidi kila bahasha ilazwe kwenye friza wiki nzima ili vife, itolewe, ikaguliwe, irudishwe. Aliifanya kazi hiyo peke yake. Magoti yalimuuma, pua ilimwasha, na nyumbani dada yake alishaacha kumuuliza atarudi saa ngapi.

Siku ya kumi na saba alifikia bahasha ya Mwalimu, mzee aliyemfundisha kazi hiyo, sasa mstaafu ambaye macho yalishamtupa mkono. Uyoga ule mdogo wa kahawia Mwalimu aliuokota mwenyewe kwenye gogo bovu, akatangaza kuwa haujulikani popote, akaupa jina. Katika maisha yake yote, ni huo tu alioupa jina.

Mama Uyoga aliuweka chini ya hadubini aone kama vidudu vimeugusa. Havikuugusa. Lakini vijimbegu vyake vilikuwa na miiba, ilhali Mwalimu aliandika kuwa ni laini. Akafungua kabati la jirani, akatoa uyoga uliokusanywa miaka hamsini kabla ya ule wa Mwalimu, akalinganisha. Kesho yake akalinganisha tena, akiomba awe amekosea. Ulikuwa ule ule. Jina ulikuwa nalo tangu zamani, kabla Mwalimu hajaupa la kwake.

Angeweza kunyamaza, nani angefungua bahasha ile? Alikaa na jambo hilo siku tatu, halafu mchana wa Ijumaa akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta sebuleni, redio sikioni.

"Umekonda," Mwalimu alisema.

"Umejuaje, na wewe huoni?"

"Kiti hakikulia. Zamani ukikikalia kilikuwa kinalia."

Mama Uyoga alicheka, kisha akamweleza yote bila kuzunguka. Mwalimu akazima redio.

"Vina miiba kweli?"

"Vina miiba, Mwalimu. Midogo mno. Hadubini za wakati ule zisingeionyesha."

"Usinitafutie visingizio, mwanangu. Umeshabandika lebo mpya?"

"Bado."

"Unangoja nife kwanza?"

Ndivyo Mama Uyoga alivyokuwa amewaza.

"Bandika," mzee alisema. "Yangu iache palepale, ya pili iweke chini yake. Na uandike vizuri, mwandiko wako kama kuku kaparua." Kisha akapunguza sauti. "Ila mama wa humu ndani usimwambie. Siku nilipoupa jina alifurahi kuliko mimi."

Mke wa Mwalimu alimsindikiza hadi getini. "Umemletea habari gani? Huyu hazimi redio hata akila."

"Za kazi tu, mama."

Yule mama akamshika mkono, asiulize tena.

Jumatatu aliandika lebo yenye lile jina la zamani. Ya kwanza ikaharibika. Akaandika nyingine, ikakubali. Aliibandika chini ya ile ya Mwalimu, akasubiri gundi ikauke, akairudisha bahasha mahali pake. Yalikuwa yamebaki makabati sita. Alinyoosha mgongo, akashusha trei iliyofuata.