Mkono wa Vidole

Wateja walimwita Vidole, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa msusi wa kukumalizia kichwa kizima huku unasinzia. Asubuhi moja, katikati ya kazi, mkono wake wa kushoto ukaachia nywele wenyewe, na mdomo ukapinda. Wifi yake, dada wa mumewe aliyeshirikiana naye saluni, hakungoja maelezo; alimkimbiza hospitali.

Kiharusi kilimwachia uhai, kauli na mguu wa kuchechemea. Mkono wa kushoto kiliondoka nao. Miezi ikapita ukining'inia tu, kama mkoba wa mtu mwingine aliyeomba ashikiwe. Saluni ikabaki kwa wifi, ambaye Vidole alizoea kumtania kwamba kusuka anajaribu, ila kwa kufumua hana mpinzani.

Ndipo mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitali, mama mmoja mpole, akawaeleza tiba mpya waliyokuwa wakiijaribu: kuuchochea ubongo kwa umeme mdogo huku mgonjwa amevaa miwani ya kumwingiza kwenye chumba kisichokuwepo. Vidole akauliza kama umeme wenyewe ni huu wa pasi. Akaambiwa hapana, atahisi kama mdudu anatembea kichwani tu. Ila vibandiko lazima viguse ngozi ya kichwa, kwa hiyo nywele zifumuliwe.

"Leo umeingia kwenye fani yangu," wifi akasema, akavuta kiti.

Ndani ya miwani kulikuwa na jiko safi, rafu, vikombe vya buluu, na mikono yake miwili. Vidole akajikakamua kuinua wa kushoto. Ukanyanyuka, ukafika rafuni, ukashika kikombe. Lakini alipovuliwa miwani, mkono aliukuta mapajani, haujasogea hata upana wa kucha.

"Mmenidanganya," alisema polepole.

Mtaalamu hakubisha. Alimweleza kuwa msuli hushtuka kidogo mno, jicho halioni, na mashine hukinasa kile kidogo na kukikuza ndani ya miwani. Umeme nao huusaidia ubongo kujifunza upya. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine ndogo, wengine hawapati kitu.

"Lakini kikombe hakikujiinua, mama," mtaalamu akaongeza. "Uliagiza wewe. Tunatafuta njia ya agizo lako kufika."

Vidole hakurudi kwa muda. Aliona heri kukosa mkono kuliko kuazimwa mkono kisha ukanyang'anywa. Mumewe alibembeleza mpaka akachoka. Wifi hakubembeleza. Jioni moja, wakichambua mchele, alisema tu, "Mkono ulipopooza hukuulilia. Sasa unaulilia. Basi bado ni wako."

Vidole akachambua mchele mpaka ukaisha. Kesho yake akarudi, na akaomba jambo moja: msaada wa mashine upunguzwe kidogo kidogo, hata kama vikombe vitaanguka. Vikaanguka vingi. Alishukuru kwamba vigae vya ndani ya miwani havihitaji ufagio. Kuna siku alitoka pale amenuna, kuna siku alisinzia kitini kwa uchovu. Kisha kidole gumba kikacheza, mbele ya macho yake, bila miwani. Kiwiko kikafuata, kwa kujivuta.

Tiba ilipokwisha, kusuka kulikuwa bado kumemshinda. Mkono ulikuwa mzito na ulichoka mapema, lakini ulishika. Alikaa saluni akiwaelekeza wasusi wengine, na hakujifanya kwamba hilo linamtosha.

Siku moja wifi alianua shuka kambani, akampa ncha mbili bila kufikiri, kama walivyozoea miaka yote. Vidole akazipokea, moja kwa kila mkono. Wifi alipovuta ili walinyooshe, ncha ya kushoto ikaponyoka. Wakatazamana. Vidole akainama, akaiokota kwa mkono uleule, akaifinya kiganjani.

"Vuta tena," alisema. "Na usinionee huruma."

Wifi akavuta kwa nguvu zake zote. Shuka likakaza kati yao.