Vidole Vinne na Gumba

Kanisani kwao walimwita Mama Kitambaa, na wala hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipofiwa na mume, yeye ndiye aliyesugua vinara na vikombe vya ibada kila Jumamosi, kwa limau na chumvi, mpaka mchungaji akawa anamtania kwamba siku kioo chake kikivunjika atakuja kunyolea ndevu pale madhabahuni. Mkoba wake ulikuwa na vitu vitatu visivyotoka: kitabu cha sala, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, na kitambaa cheupe cha pamba alichokikata kwenye shati la marehemu.

Kitinda mimba wake alikuwa amepata kazi mji mkubwa, kwenye nyumba ya makumbusho, ya kuwatembeza wageni na kuwaeleza habari za vitu vya kale. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Alipopata mapumziko ya siku mbili, akampigia mama yake simu.

"Mama, umesugua vyombo vya watu maisha yako yote. Njoo huku utembee kama mgeni. Nitakupeleka makumbusho, mnara wa saa, na lile jumba la mtawala wa zamani. Kazi yako ni kuangalia tu. Usishike kitu."

"Na chai nayo nisishike?"

"Mama!"

Basi akaja. Safari za gari zilikuwa zikimchafua roho, kwa hiyo alifunga malimau matatu ya kunusa njiani, pamoja na mayai ya kuchemsha na chumvi kidogo ndani ya karatasi. Alipofika, mayai yalikuwa yamekwisha. Limau moja na chumvi vilibaki mkobani.

Asubuhi yake binti alimpitisha mlango wa wafanyakazi, saa nzima kabla ya watu kufunguliwa mlango.

"Hairuhusiwi," alinong'ona, "lakini wageni wakishaingia watakupiga vikumbo, hutaona kitu. Mimi nina karatasi ya kusaini ofisini, kisha siku yote ni yetu. Kaa hapa ukumbini. Dakika kumi. Ila usi..."

"Nisishike kitu. Nimesikia, mwalimu wangu."

Ukumbi ulikuwa mkubwa na wa baridi, sakafu yake imepigwa deki na bado ina unyevu. Mama Kitambaa alitembea pole pole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Aliona vyungu, aliona mikuki, akaona kitanda cha kamba ambacho kwao kingewekwa uani kuanikia nafaka. Macho yake yalikuwa ya mtu wa usafi: aliona vumbi kwenye pembe za makabati kabla hajaona kilichomo kabatini.

Karibu na dirisha palikuwa na kabati la kioo ambalo upande wake mmoja umetolewa, kioo kimepasuka, kinasubiri fundi. Lilikuwa tupu. Hatua chache kutoka hapo, juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa, iliwekwa kengele ya shaba ya kushika mkononi, isiyo na mpini. Ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya msibani, na shingoni mtu mwenye mikono michafu alikuwa ameishika akaacha alama za vidole. Chini ya meza palikuwa na ndoo ya mfagizi, burashi na tambara.

Mama Kitambaa akaelewa, au alidhani ameelewa. Kengele imetolewa kabatini isafishwe. Mfagizi ameanza na sakafu, bado hajaifikia. Na mtoto wa watu fulani amepita akaichezea na vidole vyake vya masizi.

"Aibu gani hii," alijisemea. "Ndani ya nyumba anayofanyia kazi mwanangu."

Aliangalia huku, akaangalia huku. Alikumbuka neno la binti yake, akalikumbuka vizuri kabisa. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea ya miaka ishirini na miwili, nayo haikuomba ruhusa. Akatoa limau, akaling'ata likafunguka, akanyunyiza chumvi, akaikumbatia kengele kifuani kama anavyokumbatia kikombe cha ibada, akaanza. Alianza na zile alama za vidole, kwa sababu ndizo zilizomuudhi. Alisugua akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Jumamosi. Weusi ukatoka, ukaingia kitambaani. Shaba ikafungua jicho, ikacheka. Dakika kumi hazikwisha, uso wake ulikuwa unamtazama kutoka tumboni mwa kengele, mpana na wenye furaha.

Akairudisha mezani. Hapo ndipo alipovaa miwani, ili asome kibao kilichokuwa ndani ya lile kabati tupu, ajue amemfanyia nani wema. Shule aliifikia darasa la saba, na kusoma alijua. Alisoma kwa midomo, neno kwa neno.

Kibao kilisema kwamba hii ni kengele ya hospitali ya zamani iliyoungua mchana mmoja wagonjwa wakiwa wamelala. Mfagizi wa wodi, mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliipiga kuwaamsha watu. Mpini wa mti uliposhika moto aliishika kengele shingoni, akaendelea kupiga mpaka wodi ikawa tupu. Yeye hakutoka. Vidole vinne na gumba vinavyoonekana katika masizi ni vyake. Hakuna kingine kilichobaki cha kumkumbuka.

Mama Kitambaa alisoma mara ya pili, akitumaini kwamba mara ya kwanza amekosea. Kisha akaigeukia kengele. Ilikuwa inang'aa kama ya harusi.

Kinywa kikajaa mate ya limau, akayameza. Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alilieleza kwa Mungu kwa tabu kuliko lile la kwanza: alikunja kile kitambaa, weusi ukaingia ndani, akakisukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya kitabu cha sala. Ganda la limau akalitia mfukoni. Akaenda kusimama mbele ya mikuki, upande wa pili wa ukumbi, mikono nyuma.

Binti alirudi akitabasamu. Hakufika katikati ya ukumbi kabla mlinzi hajaingia kutoka mlango mwingine, akaona kengele, akapiga ukelele kama aliyeona maiti. Mkuu wa makumbusho akaja mbio, mzee mwenye miwani ya kuning'inia. Aliinama, akaitazama ile shingo ya kengele, akavua miwani akaipangusa, akatazama tena.

"Nani alikuwa humu?" aliuliza, sauti chini.

Mlinzi akainyooshea kidole ile ndoo. Wakamwita mfagizi, mwanamke wa makamo, mikono imejikunja kwa sabuni ya miaka. Aliletwa akiwa bado ameshika fagio.

"Nimepiga deki tu, mkuu. Hiyo kengele sijaigusa. Nawaapia."

"Ndoo ni ya nani?"

"Ni yangu, lakini..."

"Meza ilikuwa na kengele, chini yake ndoo yako. Humu hakuna mwingine aliyeingia. Sasa ilijisugua yenyewe?"

"Huyu naye kwa kujipendekeza!" mlinzi alidakia. "Juzi alitaka kuosha mikuki."

"Nilitaka kuipangusa vumbi, wewe!"

Mama Kitambaa alifungua mdomo. Akahisi vidole vya binti yake vimemkamata kiwiko, vimekaza. Binti alikuwa amenusa. Mtoto aliyelelewa na harufu ya limau na shaba kila Jumamosi haulizi mara mbili.

"Mama, nyamaza," alinong'ona bila kugeuza uso. "Nimekuingiza kwa mlango wa nyuma. Nitamwaga unga. Nyamaza, nakuomba."

Akanyamaza.

Mkuu alimtazama binti kidogo. "Na huyu mama?"

"Ni mama yangu, mkuu. Tumeingia sasa hivi."

"Karibu, mama," mkuu alisema, kwa heshima yote, na ile heshima ilimchoma kuliko tusi. Kisha akamgeukia mfagizi, akamwambia aende akaketi kwenye benchi nje ya ofisi asubiri. Barua yake ataipata jioni.

Mfagizi alipita mbele yao. Hakulia. Aliegemeza fagio ukutani kwa uangalifu, lisianguke, kama mtu anayetegemea kulirudia.

Wakaenda kutembea, maana binti alisema wakirudi nyumbani mapema ndiyo watashtukiwa. Walipanda mnara wa saa. Binti alieleza saa ilitoka wapi na nani aliyeipandisha, na sauti yake ilikuwa ya kukariri. Mama Kitambaa alihesabu ngazi ili asifikiri. Huko juu mji wote ulikuwa miguuni pake, mapaa na mapaa, na yeye alitafuta paa moja tu, la makumbusho, akalipata, akakaa analitazama.

"Mama, angalia upande huu basi. Watu wanalipia kuona hivi."

"Naangalia."

Kwenye jumba la mtawala wa zamani walivalishwa viatu vya kitambaa wasikwaruze sakafu. Palikuwa na kiti cha enzi, na kamba nyekundu mbele yake. Kinara cha shaba kilisimama pembeni, kimeingia ukungu wa kijani. Mama Kitambaa alipokiona alificha mikono yake ndani ya kanga.

Walikaa bustanini wale mkate.

"Yule mama ana watoto?" aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto mdogo."

Binti aliuangalia mkate wake. "Wajukuu. Anawalea yeye. Mama, yule atapata kazi nyingine ya kufagia, kazi za kufagia hazikosekani. Mimi nimesomea hii. Miaka mitatu nimetuma barua. Hata kibao kile ni mimi niliyekiandika upya. Nilikwambia usishike kitu. Nilikwambia kitu kimoja tu!"

"Uliniambia."

"Sasa unataka nini?"

Mama Kitambaa aliukunja mkate wake ndani ya karatasi. Alikuwa anafikiria yule mfagizi wa wodi. Alikuwa anafikiria kwamba mwanamke yule alishika shaba ya moto kwa ajili ya watu asiowajua, na yeye ameshindwa kushika maneno mawili mdomoni kwa ajili ya mtu aliyempita umbali wa mkono. Jioni hiyo atapiga magoti kusali kama kawaida. Ataanzaje?

Akasimama, akajipangusa makombo.

"Mwanangu, unga ukimwagika tutauzoa wote. Lakini kula unga wa yule mama siwezi. Twende."

Makumbusho yalikuwa karibu kufungwa. Mfagizi alikuwa bado kwenye benchi, mfuko wake wa plastiki magotini. Mama Kitambaa alipita akaingia ofisini bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Binti alibaki mlangoni, amejishika kifua.

"Baba, kengele nimeisugua mimi. Huyu wa nje hajui lolote. Na nilijua nilichofanya, nimesoma kibao, nikanyamaza. Tangu asubuhi nimenyamaza."

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya meza. Kilikuwa cheusi katikati, na kilinuka limau.

Mkuu alikiinamia bila kukigusa.

"Humu ndimo alimo sasa yule mfagizi wa wodi," alisema. Akachukua bahasha kubwa. "Hiki hakitarudi kwako, mama."

"Ni shati la marehemu mume wangu."

"Pole. Hakitarudi."

Mama Kitambaa aliinamisha kichwa.

Mkuu akageukia mlangoni, akamwambia binti kwamba majaribio yake yanaanza upya toka siku ya kwanza, na si kutembeza wageni tena. Atakaa chumba cha kupokea mizigo mpaka atakapojifunza mlango wa wafanyakazi ni wa nani. Binti aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondokea kola. Kisha mkuu akavuta kalamu.

"Kibao lazima kibadilishwe. Picha tunazo, vidole hatuna. Nitaandika kwamba alama zilipotea kwa bahati mbaya."

"Bahati haina kitambaa, baba," alisema Mama Kitambaa. "Andika kwamba mfagizi mwenzake alizifuta."

Mkuu alimtazama. Kalamu ikasimama hewani, kisha ikaanza kuandika.

Nje, mfagizi alikuwa amekwisha kusimama. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesikia yote. Mama Kitambaa alitaka kupiga magoti lakini mwenzake akamzuia kwa mkono, si kwa upole.

"Asubuhi nilikuona unaniangalia," alisema. "Watu wote walikuwa wananiangalia, lakini wewe ulikuwa na macho ya huruma. Siku nzima hapa nimekaa nikisema, angalau yule mama mgeni ananiamini."

Akachukua fagio lake ukutani, akaenda kufagia ukumbi, maana wageni walikuwa wametoka na sakafu ilikuwa chafu.

Kesho yake binti alimsindikiza mpaka kituoni. Alimfungia mkoba vizuri, akamnyoosha ukosi wa gauni, na gari lilipowaka akamwambia, "Ukifika piga simu," akaondoka bila kungoja litoke.

Saa moja njiani roho ilianza kumchafuka. Akaingiza mkono mkobani kwa mazoea, akakuta kitabu cha sala na miwani tu. Kijana wa kike aliyekaa kando yake akamwona anavyojishika tumbo, akapekua kapu lake, akatoa nusu ya limau.

"Nusa hili, mama, litakutuliza."

Alilipokea, kwa kuwa kukataa wema wa mtu ni vibaya. Akalisogeza puani. Akaiona kengele, inang'aa, na uso wake mwenyewe tumboni mwa shaba, mpana, wenye furaha.

"Linasaidia?" yule msichana aliuliza.

"Linasaidia, mwanangu," alisema Mama Kitambaa, akageukia dirishani, limau mkononi, machozi yakimtoka mpaka gari lilipofika kwao.