Kibao cha Zarolha

Mimi nina makengeza. Nalisema mwanzo kabisa ili mtu asipate taabu ya kunong'ona. Jicho langu la kushoto limegeukia puani tangu nizaliwe, na hapa Gondomar, mji wetu wa Ureno, mtu mwenye kasoro haitwi tena kwa jina alilobatizwa. Nilibatizwa Leontina. Sijamaliza hata darasa la kwanza, nikawa Zarolha, yaani Makengeza, na Zarolha nimebaki. Nje ya nyumba yangu, aliyeniita Leontina ni padri peke yake, naye alikuwa mgeni.

Kazi yangu ni kujaza. Mwanamume hutengeneza umbo la nje, tuseme moyo au hereni, kwa waya mnene wa dhahabu. Mwanamke hujaza ndani kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akiukunja kwa kibano duara kwa duara. Wanawake wa kwetu wameifanya kazi hii jikoni tangu zamani, kwa ajili ya masonara wenye maduka, na majina yao hayakuandikwa popote. Mimi kazi naisogeza karibu kabisa na pua, na hapo ndipo jicho langu linapofaa. Watu walisema jicho moja la Zarolha linatazama dhahabu na jingine linamlinda mume. Nikawajibu kwamba mume haibwi, dhahabu ndiyo inayoibwa.

Mume wangu ni Armindo Seabra. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Armindo alipenda, na kengeza langu hakuliita chochote. Tulipoacha kuwafanyia wengine, tukafungua karakana yetu nyuma ya jiko la mama mkwe, Armindo ndiye aliyechagua jina: Vito vya Seabra. Alitaka jina la heshima, lisilo na mzaha. Sikubisha. Nilikuwa na mimba ya Duarte, na nilichotaka mimi ni kiti chenye egemeo.

Duarte alilala kapuni chini ya meza yangu. Alizoea nyundo, hata ikinyamaza ndipo anaamka akilia. Akafuata Benedita, mtundu asiye kifani, ambaye siku moja alimeza ua la hereni. Tukangoja. Lilipotoka nikaliosha, nikalichemsha, nikalimalizia kazi yake. Aliyelivaa hajui, nami sisemi. Wanangu hawakutoka kwenda shule kabla ya kukung'uta viatu juu ya karatasi, maana vumbi la sonara lina dhahabu, halifagiliwi nje, na Benedita alidhani watoto wote duniani hufanya hivyo. Mkono wa kulia ulijaza, wa kushoto ukakoroga supu ya kabichi, na hesabu za Duarte nilizisahihisha kwa lile jicho la ziada.

Kazi ikakua. Tukakodi gereji ya fundi baiskeli aliyestaafu, tukaajiri wanawake watatu, na mabibi arusi wa mji wa Viana wakaanza kuja wenyewe. Hapo ndipo jina lilipoanza kutugharimu. Kabla ya Pasaka alikuja mama mmoja na bintiye wakitafuta mikufu ya arusi. Waliuliza mji mzima ilipo Vito vya Seabra, na hakuna aliyejua. Mwishowe wakamwuliza Quintino, sonara wa barabara ya juu, ambaye anatujua sisi mpaka rangi ya mapazia yetu. Akasema hajapata kuisikia, akawauzia vyake. Haya yote nilisimuliwa na binti mwenyewe baada ya arusi, aliporudi na mkufu uliokatika. Safari hiyo aliambiwa aulizie kwa Zarolha, na mtoto wa kwanza aliyemkuta njiani alimshika mkono akamleta hadi mlangoni petu.

Jioni ile, mezani, nikasema tunabadilisha jina. Armindo akauliza duka litaitwaje. Nikamwambia.

Aliweka kijiko chini. "Leontina, miaka yote hii nimewanyamazisha watu. Leo unataka nipande ngazi nikalipigilie misumari juu ya mlango?"

"Umewanyamazisha mbele yako tu," nikamwambia. "Ukigeuka wanakula na jina langu na kulala nalo. Basi na sisi litulishe."

"Na wakicheka?"

"Waje wachekee ndani. Ndani kuna bei."

Armindo si mgumu, anapenda tu kubembelezwa kidogo. Aliyenishinda ni Duarte. Alikuwa katika umri ule ambao mtoto huona haya hata mzazi wake akipiga chafya. Aliinuka mezani, na nikaona shati lake limeng'oka vifungo, shati lile lile nililolishona juzi. Siku zote aliniambia ameanguka mpirani. Sasa akatoa kweli yote. Kila aliyemwita mama yake Zarolha alimpiga, na walipokuwa wengi, walimpiga yeye.

"Mimi nawapiga wanaokuita hivyo," akasema, "halafu wewe unataka kuliandika ukutani. Haya, liandike. Mimi mlango huo sipiti."

Iliniuma. Nilitupiwa maneno mengi tangu utotoni, lakini hakuna lililoniuma kama hilo, kwa sababu yale yalikuwa ya walimwengu na hili lilikuwa la mwanangu, tena lilitoka kwenye mapenzi. Nilifikiri niache. Duka hili nililijenga ili wanangu waje kuwa mahali ambapo jina lao lina thamani. Duka ambalo mwanangu haingii, nitamwachia nani?

Kesho yake nikamfuata uani, nikakaa karibu naye juu ya kreti. Nikamwambia kwamba anapompiga mtu kwa kuniita Zarolha, anakubaliana na mtu huyo. Wote wawili wamekwisha kuamua kuwa makengeza ni aibu, wanachogombania ni nani alitamke jina hilo.

"Mimi siyaonei haya," nikasema. "Je, wewe unayaonea haya?"

Akainuka, akaenda zake. Sikumsukuma. Kibao kikapanda juu mwezi wa tisa, herufi za rangi ya dhahabu, ZAROLHA, na Armindo ndiye aliyepanda ngazi, akinung'unika kila msumari. Watu walicheka kweli. Kisha wakaingia, na walioingia hawakutoka mikono mitupu. Duarte naye akashika neno lake. Akitoka shule aliruka ukuta wa jirani na kuingia karakana kwa dirisha la nyuma. Ukaidi huo aliurithi kwangu, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki.

Mwezi wa kumi ikaja sikukuu ya Rozari. Tukaweka meza uwanjani, nami nikakaa nikijaza mbele ya watu, kwa kuwa wateja hupenda kuona mkono ukifanya kazi. Foleni ilifika hadi kwa muuza lozi. Duarte alikuja na masanduku kwa sababu Armindo alimwamuru, uso umekunjamana. Ndipo alipotokea Quintino, akiwa na wanunuzi wawili wa Porto waliovaa makoti mazuri. Akapenya hadi mbele kana kwamba foleni ni ya wengine, akamwona mwanangu, akatabasamu.

Kwetu mtoto akiulizwa yeye ni wa nani, hujibu kwa jina ambalo mji unaiitia familia yake. Quintino alilijua hilo vizuri.

"Kijana," akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "hebu waambie wageni wangu. Wewe mtoto wa nani?"

Kibano changu kikasimama. Niliona Duarte akikaza ngumi, nikaanza kuinuka nimshike kabla hajatuharibia sikukuu. Hakumpiga. Aliweka sanduku mezani polepole, akamtazama Quintino usoni.

"Mimi wa Zarolha," akasema. "Na wewe, Bwana Quintino, foleni inaanzia kule kwa muuza lozi."

Uwanja ukaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Wale wawili wa Porto walicheka pia, kisha wakaenda wenyewe kusimama mwisho wa foleni. Quintino alibaki akitafuta pa kutazama. Nilijivuna mpaka kibano kikaniponyoka, na mwanangu akainama, akakiokota, akanirudishia.

"Endelea, mama," akasema. "Watu wanangoja."