Kadi ya Mwaka Mmoja

Mimi na wifi yangu tunashona sare za shule katika chumba cha mbele, cherehani zikitazamana, magoti yetu karibu yagusane. Nyumba aliiacha marehemu mume wangu, kaka yake. Nikivuta pumzi ndefu kidogo tu, wifi anauliza nina nini. Miaka kumi na moja sasa namezea vidonge vyangu vya virusi vya ukimwi chooni, maana hakuna mlango mwingine wenye komeo.

Mwezi uliopita tulikwenda kupima shingo ya kizazi. Sote wawili tukakutwa na kirusi cha HPV, kile kiletacho saratani ya hapo. Nesi akatupaka siki ndani, mmoja mmoja, akaangalia kwa taa. "Bado hakijaharibu kitu," akasema. Akatupa kadi za kurudi.

Nyumbani wifi akavaa miwani, akazilaza kadi mezani sambamba, kama anavyolinganisha mikono ya shati.

"Mbona mimi nirudi baada ya miaka miwili, wewe mmoja?"

Nesi alikuwa amenieleza tukiwa wawili tu: mwenye virusi vya ukimwi mwili wake hukawia kukifukuza kirusi cha HPV, kwa hiyo huangaliwa mapema zaidi. Nikajibu, "Nesi amekosea."

"Basi kesho turudi arekebishe. Kazi ya kulipua siipendi."

"Acha, wifi. Mwaka si kitu."

"Ukapande kile kitanda mara mbili bure? Wewe uliyeng'ang'ania pazia mpaka nikadhani utakuja nalo nyumbani?"

Nikacheka. Ningefanya nini?

Kesho yake alitangulia yeye, kadi zote mbili mkononi. Nesi akazitazama, kisha akanitazama mimi. Akafunga kifuniko cha kalamu, akakifungua tena.

"Mama, kadi ni yako. Niandike miwili?"

Mlango ulikuwa mmoja na wifi ameuegemea. Nikikubali, kirusi kinapata mwaka mzima wa kunila bila mtu kukiona. Nikikataa nitaulizwa sababu, na sababu hiyo itamgusa hata marehemu kaka yake, ambaye wifi huapa mbele za watu kwamba alikufa kwa kifua tu.

Nesi alisubiri. Wifi akasonya.

"Usiandike," nikasema. "Ni mmoja huohuo."

"Kwa nini?" akauliza wifi.

"Kwa ajili ya vidonge ninavyomeza."

Hakuuliza vidonge gani.

Tulirudi kwa miguu, yeye hatua tatu mbele. Tulipokaa kazini, akasema bila kuinua macho, "Kaka alijua?"

"Alijua kabla yangu."

Akavuta kola, akaanza kukanyaga cherehani. Sindano ikapanda na kushuka mbio mpaka mwisho wa kitambaa. Uzi hakuwa ameutunga. Niliona tangu mwanzo. Akaiweka kola hiyo pembeni, akachukua kola ya pili.