Mlinzi wa Darajani

Jumatano alasiri, soko la Kiboriloni lilipopoa, Anyesi alifunika mikungu yake ya ndizi kwa gunia, akaingia kibanda cha gemu cha jirani yake Ebenezeri. Alikuwa mama mtu mzima, na kwenye pedi ya kuchezea hakuna aliyemweza. Siku hiyo, ndani ya gemu, alifika kwenye daraja ambalo wengi hukwamia. Mlinzi wa daraja alikuwa ameshatupa bunduki na kunyoosha mikono. Njia ilikuwa nyeupe. Anyesi akampiga risasi hivyo hivyo, aone ataangukaje. Watu wakacheka, naye akacheka.

Jioni chakula hakikushuka. Mumewe, Sylvanus, akamwuliza kama anaumwa.

"Kuna mtu nimemfanyia vibaya," akasema, "na hata jina simjui."

Asubuhi mlinzi alifika mezani pake sokoni. Kwa mbele alikuwa mtu kamili, na kofia yake ya chuma. Akigeuka ubavu alikuwa mwembamba kama karatasi, kwa hiyo wenye mikokoteni hawakuwa na haja ya kumwambia apishe. Kupitia tundu la risasi kifuani mwake, mlima uliokuwa nyuma yake ulionekana vizuri, maana hapakuwa na mawingu.

"Habari za asubuhi, mama. Mimi ni yule wa darajani."

"Nimekufahamu. Karibu." Anyesi akamsogezea kreti akae. "Lakini baba, si kila mtu anakupiga pale?"

"Wananipiga nikiwa na bunduki. Hiyo ni kazi, siwalaumu. Wewe ulinipiga nikiwa nimeshanyoosha mikono."

"Si ni mchezo tu?"

"Mchezo haukukutuma, mama. Ulitaka mwenyewe."

Anyesi akamchagulia chane ya ndizi za kisukari zilizoiva, naye akala zote akisifia. Alikuwa mchangamfu sana; kufika saa sita alikuwa ameshawabembeleza wateja mpaka mikungu yote ikaisha.

Ebenezeri akaja amenuna. "Mama, nirudishie mtu wangu. Wachezaji wanavuka tu daraja kama wanakwenda harusini, gemu haina ladha."

Mlinzi akajifuta mdomo, akaaga, akarudi kazini.

Jumatano iliyofuata Anyesi alifika tena darajani. Mlinzi alipomwona alitupa bunduki, akanyoosha mikono, akatabasamu. Kidole cha Anyesi kikasita.

"Kesho nikupikie nini?" akamwuliza.

"Ndizi za machalari, mama, kama haitakusumbua."

"Nitatia na nyama," akasema Anyesi, akabonyeza kitufe cha risasi.