Mwanamume wa Miaka Kumi na Mitano

Mdogo wangu Tlali alisimama kizimbani kifua mbele, blanketi jipya begani, kama bwana harusi anayesubiri kupigiwa vigelegele. Nilitamani nimfikie nimzabe kofi.

Kosa lake lilijulikana. Yeye na vijana wawili wakubwa walifungua zizi la jirani yetu, mama Malineo, wakaswaga kondoo wake hadi ng'ambo ya mlima. Wale wawili wakatoroka. Tlali akakamatwa akiwa amelala katikati ya kondoo, maana usingizi ulimshinda. Mtu mzima gani huyo?

Mama Malineo mwenyewe alikuwa ameshakubali. Kama mahakama ingesema ni mtoto, kesi ingerudi kijijini, Tlali angeomba radhi mbele ya kamati, kisha angemchungia mifugo yake mwaka mzima. Kama ingesema ni mtu mzima, ni jela. Kwetu Lesotho, kesi ya mifugo haina mchezo.

Kwa hiyo asubuhi ile, tukiteremka kwenda mjini, nilimfundisha kama kasuku.

"Ukiulizwa, sema kumi na mitano. Basi."

"Sisemi mimi ni mvulana, dada."

"Nani kakwambia useme mvulana? Taja miaka!"

Mjomba Sekake akacheka. Ndiye aliyempeleka jandoni mapema, bila kumwuliza mtu, na kwetu aliyetoka jandoni huvikwa blanketi jipya, wala haitwi mvulana tena. Akijiita hivyo mwenyewe mbele ya wanaume, amewatemea mate waliomfunza. "Muache," mjomba akasema. "Haya ni mambo ya wanaume."

Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho. Marehemu mama alijifungulia nyumbani, theluji imefunga njia, na mimi wa darasa la pili ndiye niliyechemsha maji. Hayo nikamweleza hakimu, mama mmoja mpole wa miwani, naye akatikisa kichwa kukubali. Nikaona tumepona.

Kisha, sijui shetani gani alimpitia, akamgeukia Tlali.

"Mwanangu, dada yako anasema wewe bado ni mtoto. Ni kweli?"

Kati ya maswali yote ya duniani!

Tlali akalivuta blanketi vizuri. "Mimi si mtoto, mheshimiwa. Mimi ni mwanamume. Kondoo niliwachukua mimi, kwa mikono yangu."

"Dume hilo!" mjomba akapiga kelele, akigonga sakafu kwa fimbo.

Mwendesha mashtaka hakuwa hata na haja ya kusimama. "Mheshimiwa, amejisemea mwenyewe."

"Mwulizeni miaka!" nikapayuka. "Msimwulize uanaume, mwulizeni miaka!"

Askari akaniambia nikae la sivyo nitalala ndani. Hakimu akauliza kama daktari anaweza kumpima umri. Akajibiwa daktari yuko likizo. Kesi ilikuwa imeahirishwa mara nyingi mno, na hakimu akasema imetosha. Ikawa miaka mitatu, pamoja na watu wazima. Mjomba alitoka nje akimsifu Tlali kwa sauti, na mimi sikumsemesha mjomba huyo tena hadi alipokufa.

Nilipopata ruhusa ya kumwona Tlali gerezani, baridi ilikuwa imeingia. Blanketi hakuwa nalo. Nikamwuliza liko wapi, akasema amemwazima mtu. Jicho moja lilikuwa limevimba. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumgombeza; badala yake nikampa ugali na mboga nilivyomfungia. Alikula haraka, akitazama nyuma.

Alipomaliza akainamia wavu uliokuwa kati yetu.

"Dada, wewe si unakumbuka nilizaliwa lini?"

"Nakumbuka."

"Basi nenda kawaambie. Waambie nina kumi na mitano."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshawaambia. Nilimwuliza askari wa mlangoni ofisi ya kupokea rufaa iko wapi. Akasema imefungwa, nirudi Jumatatu.